Siku Fidla Ilipobaki Nyumbani

Wimbo wangu ulipoanza kupigwa redioni, ukimwacha aliyeurekodi, watu watatu tu ndio waliojua kwamba fidla inayosikika humo ndani si fidla. Wa kwanza ni mimi niliyeimba. Wa pili ni binamu yangu aliyepiga gitaa. Wa tatu ni mzee ambaye sikumtegemea kabisa, na kama asingekuwa na masikio makali kiasi kile, huenda leo ningekuwa na amani. Ningekuwa naamini kwamba nilifanya nilichopaswa kufanya. Sasa najua sikupaswa, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa kucheka. Mama husema nilizaliwa nimekenua meno ambayo hayajaota. Lakini jambo hili, likinijia kichwani nikiwa nachota maji, naweza kuibamiza ndoo mpaka ipasuke.

Kwetu ni Kibosho, juu kabisa, kule ambako mvua ikinyesha gari linaachwa njiani na watu wanamalizia kwa miguu. Nyumba yetu imo katikati ya migomba, na chini ya migomba kulikuwa na mibuni ya babu. Nilipokuwa darasa la tano mibuni ile ilihudumiwa kama vitoto vichanga. Nilipomaliza la saba walishakuja wanunuzi wa kila namna, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu, na baba alikuwa ameshang'oa nusu ya mibuni kwa hasira. Nguvu zake akazihamishia Kahe, kwenye shamba la mahindi huko tambarare, tukawa tunamwona Jumapili tu. Sekondari sikwenda. Hiyo haina maelezo marefu: nafasi zilikuwa chache, na kaka yangu alikuwepo.

Shule yangu nyingine ilikuwa barazani kwa masista. Nilikuwa napeleka maziwa pale kila siku, na kulikuwa na sista mmoja Mzungu, mwalimu wa ushonaji, ambaye akimaliza kazi zake alikaa barazani na fidla. Siku ya kwanza nilisimama na chupa ya maziwa mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya pili nikamwambia kwamba mama kasema nisubiri chupa. Mama hakusema hivyo. Sista akacheka, akaniwekea ile fidla begani, na tangu hapo nikawa nachelewa kurudi nyumbani kwa miaka minne. Alinifundisha kwa Kiswahili chake cha kuhesabu: moja, mbili, mkono juu, moja, mbili, shingo usikaze. Nilikaza shingo na viazi vikaungulia jikoni kwetu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Aliporudi kwao, aliiacha fidla. Nilikuwa nimeshaianza furaha, nimeshapanga nitakapoitundika. Kumbe aliandika karatasi kwamba fidla ni mali ya parokia, kwa ajili ya kwaya. Alikuwa mtu wa haki sana yule sista, lakini siku ile haki yake iliniuma kama kidole kilichobanwa na mlango.

Basi fidla ikawekwa chini ya ulinzi wa mwenyekiti wa baraza la parokia. Huyu ndiye yule mzee wa masikio makali. Ujanani alipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa, meno yakaondoka, tarumbeta ikaondoka nayo. Alikuwa mrefu, mkavu, hasemi neno ambalo halihitajiki. Kwa kuwa kijiji kizima ni mimi tu niliyejua kuitumia, alinikubalia niwe nakaa nayo nyumbani kwa mazoezi. Lakini kila aliponikabidhi alisema, "Vidole," nami nilimwonyesha mikono yangu pande zote mbili, kama nimenawa.

Niitunze vipi, hapo ndipo kazi ilipokuwa. Waya mwembamba ulipokatika, hakuna duka Moshi nzima lililokuwa na wa kubadilisha. Nikafumua waya wa breki ya baiskeli nikachukua uzi mmoja. Ulilia kama paka, lakini ulilia kwa sauti inayotakiwa. Upinde nao ulipokwisha nywele nikatumia nailoni ya kuvulia samaki, na badala ya ile dawa ya kupaka ili ukwaruze vizuri, nikapaka utomvu mkavu wa msonobari ulioko nyuma ya kanisa. Msinicheke. Ilifanya kazi.

Sasa, muziki wenyewe. Binamu yangu alikuwa mpagazi wa mlimani, anabebea wageni mizigo. Kuna mgeni mmoja alilemewa na urefu wa mlima, binamu akamteremsha mgongoni sehemu kubwa ya njia, na yule mgeni kwa shukrani akampa redio yake ndogo ya masikioni pamoja na kaseti zote alizokuwa nazo. Mwaka uliofuata akamletea na gitaa la umeme. Kaseti zilikuwa za magitaa ya makelele, watu wanaimba kama wamegombana na wapangaji wenzao. Binamu alizipenda. Mimi zilinichosha, mpaka siku moja, katikati ya makelele yale, ikaingia fidla. Fidla kabisa! Nilidhani Sista amerudi akiwa amekasirika.

"Umesikia?" nikamwuliza binamu, nimemshika shati.

"Nimesikia, dada, niachie kola."

"Kumbe inaruhusiwa?"

"Nani wa kuikataza?"

Hilo swali lake natamani ningelikumbuka baadaye.

Tukaanza kutunga. Yeye alinguruma na gitaa, mimi niliimba kisha nikaweka fidla begani mahali ambapo maneno yameisha. Nilitunga kuhusu vitu vya kwetu. Wimbo nilioupenda kuliko wote ulihusu mfereji. Kwetu maji ya mfereji yanagawanywa kwa zamu, kila nyumba na siku yake, na mama alikuwa na mkosi kwamba siku yetu ikifika, huko juu mtu anakuwa ameziba. Nikaimba:

*Maji yamepita kwa jirani, yamepita yakicheka,
mama kashika jembe lake, zamu yetu haijafika.*

Kisha fidla inashuka pole pole kama maji, inakaribia, inakaribia, halafu inageukia pembeni. Mtu anayesikiliza anadhani imefika, kumbe imepita. Hapo ndipo wimbo ulipokuwa. Maneno yalikuwa ya kusindikiza tu.

Lakini uupeleke wapi? Bendi ya dansi ya mjini walisikiliza nusu wakasema huo ni wa kanisani. Wanakwaya wenzangu walisikiliza nusu wakasema huo ni wa baa. Bwana mmoja anayepanga sherehe aliniuliza kama najua taarabu. Nikasema sijui. Akasema, "Basi hicho chombo umekibeba cha nini?" Vijana wa rika langu ndio kwanza walikuwa wameanza kuchana mashairi juu ya midundo ya kutengenezwa, na waliniambia bila kunificha, dada, badilika. Nilikuwa narudi nyumbani nikicheka, maana ndivyo nilivyo, na nikifika migombani nacheka kidogo tu, na nikifika kitandani sicheki.

Ndipo ikaja sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi ulio nyuma ya baa moja mjini. Binamu alipata nafasi ya kupiga gitaa, akasema twende wote. Fidla ilikuwa nyumbani kwa mazoezi. Nikaichukua. Sikumuaga mwenyekiti. Hata sikufikiria, ilikuwa kama kuchukua kanga yangu kwenye kamba.

Tulipofika, sanduku la fidla likawa halina pa kukaa, nikaiweka fidla yenyewe juu ya kreti za bia. Wakati mwali anaingia, umeme ukakatika. Miaka ile umeme ulikuwa wa mgao, lakini siku hiyo haikuwa zamu ya Moshi kukatiwa. Muziki ukafa, gitaa la binamu likafa, mshereheshaji akabaki anapiga kelele bila kipaza sauti, na mwali amesimama mlangoni na gauni lake, hajui aingie au arudi. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilengalenga. Nikainyanyua fidla, kreti zikiwa bado zinachuruzika maji ya barafu, nikapiga. Nilianza na kitu cha kumwingizia mwali, halafu nikaona wamenyamaza wote, nikapiga ule wimbo wa mfereji, nikauimba mpaka mwisho. Watu walisimama. Mama wa mwali alilia, ingawa yeye alikuwa ameshaanza kulia tangu asubuhi.

Mlangoni kijana mmoja mwenye miwani akanifuata. Alikuwa na studio ndogo pale mjini, ghorofani, na alikuwa anaandaa kaseti ya waimbaji wapya kwa ajili ya redio moja ya watu binafsi iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa.

"Huo wimbo wa nani?"

"Wangu."

"Na hiyo vayolini unapiga mwenyewe au umeazima mikono?"

"Mikono yangu. Fidla nimeazima."

Akacheka. "Sikiliza, dada. Jumamosi baada ya hii ijayo, saa tatu asubuhi. Nina saa mbili zimebaki wazi. Lakini waimbaji ninao mpaka nawafukuza. Njoo na hicho kidude. Bila hicho, wewe ni mwimbaji kama wengine, umenielewa?"

Nilimwelewa sana. Sijawahi kumwelewa mtu kama siku ile. Tulirudi Kibosho mvua ikinyesha, sanduku la fidla nimelisahau ukumbini, fidla nimeifunga kwenye kanga, na nilicheka njia nzima mpaka binamu akasema nitameza mvua.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti alikuja kwetu mwenyewe. Mwanakwaya mmoja alialikwa kwenye ile sherehe, na maneno yalishafika kanisani kabla sijaamka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Fidla iko wapi?"

"Iko ndani, Baba."

"Juzi ilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema kuhusu mwali mlangoni. Alingoja, nami nikaangalia miguu yangu.

"Niletee."

Nikamletea. Aliigeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake, akainusa. Hakusema kitu kingine. Aliondoka nayo chini ya koti, mimi nikabaki mlangoni na siku kumi na mbili za kufika ile Jumamosi.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu mama akaniambia, "Kulia hakutairudisha. Tutampelekea sale."

Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la nyumbani. Ukimkosea mtu, ukachukua jani lake ukalifunga fundo na kumpelekea, unaomba msamaha, na yeye hana ruhusa ya kukataa. Wamesameheana watu kwa jani lile ambao walikuwa wametishiana mapanga. Mama alilikata mwenyewe, akalifunga mwenyewe, akavaa kitenge cha kwenda nacho kanisani. Tukaenda.

Mwenyekiti alikuwa zizini, anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Mama hakusema maneno mengi. Alisema, "Meku," yaani mzee, "mtoto amekuja," akanipa lile jani, nami nikapiga magoti nikalinyoosha kwa mikono miwili. Mwenyekiti aliweka panga chini. Akajifuta mikono, akalipokea.

"Haya," akasema. "Limekwisha."

Akaingia ndani, akatoka na fidla, akanipa. Hata vidole hakuuliza.

Mama alitoa shukrani, mimi nilitoa shukrani, tukanywa chai. Nilikuwa na furaha ya kupaa. Tulipokuwa tunashuka kuelekea nyumbani, ndipo swali likaniingia kama jiwe kwenye kiatu.

"Mama, sasa naweza kwenda nayo mjini ile Jumamosi?"

Mama akasimama. "Kufanya nini?"

"Kurekodi. Si nilikuambia?"

"Sasa tumetoka kuomba msamaha wa nini?"

"Wa... ile siku ya ukumbini."

"Basi."

"Lakini hakusema nisitoke nayo tena. Turudi tumwulize."

Mama akaniangalia kama nimetukana. "Umwulize! Amepokea sale, amesema limekwisha. Jambo hilo halitajwi tena. Halitaji yeye, hulitaji wewe. Ukirudi pale na kuuliza, ni kama umemnyang'anya lile jani mkononi. Na ukitoka nayo tena, ni kama ulimchezea. Mimi ndiye niliyelifunga, mwanangu. Mkono wangu ndio uliolifunga."

Huo mkono wa mama ndio ulionishinda. Haya mengine, kwamba anayechezea sale hapati heri, nilikuwa naamini nusu na kuogopa nusu. Lakini kumwaibisha mama, aliyevaa kitenge cha kanisani kwa ajili yangu, hapana.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelizungusha kichwani mara nyingi. Niliomba msamaha haraka kabla sijajua nimekosea nini hasa. Kwa kuwa hakuna aliyelitaja kosa, na sasa lilikuwa limefungwa halitajiki, ilinibidi nijikisie mwenyewe. Nikakisia kubwa kuliko yote.

Binamu aliposhuka mlimani na kuiona fidla imetundikwa chumbani, aliruka. "Umeipata! Jumamosi tunaua!"

"Siendi nayo."

"Wewe! Unaumwa?"

"Tulipeleka sale."

Na yeye ni Mchagga, akaelewa, akakaa kwenye kinu. Lakini binamu yangu si mtu wa kukaa muda mrefu. "Alikuambia usipige nje?"

"Hakuniambia."

"Si basi!"

"Ndiyo hivyo. Hakuniambia."

"Kamwulize."

"Haiulizwi."

"Nitamwuliza mimi."

"Ukimwuliza wewe ni sawa na mimi kukutuma."

Akashika kichwa. "Dada, mimi nimewabeba watu mgongoni mpaka getini, lakini wewe ni mzito." Nikacheka, yeye hakucheka.

Jumamosi tulikwenda na gitaa. Fidla niliiacha juu ya kitanda changu, nimeifunika. Sijui kwa nini niliifunika. Labda isinione nikiondoka.

Kijana wa miwani alikuwa ametandika hadi magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Akanitazama mikono. "Iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani inafanya nini, inapika?"

"Ina matatizo kidogo."

"Matatizo gani? Nyuzi? Twende tukaazime popote."

Ungemwelezaje? Alikuwa mtoto wa mjini, mtu wa kuja, kwao ni mbali na Kilimanjaro. Ningemwambia habari ya jani lenye fundo angedhani namtania. Nikasema tu haiwezekani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Naona alikuwa anachagua kati ya kunifukuza na kunihurumia. Akanihurumia, na huruma yake ndiyo iliyoniharibia.

"Usijali," akasema. "Humu ndani ya kinanda ninazo vayolini mia."

Akabonyeza kitufe, akapiga kwa kidole kimoja. Tii, tii-tii, tii. Ilikuwa kama mbu aliyefungiwa kwenye debe. Nilimwimbia jinsi fidla inavyoshuka, nikamwonyesha kwa mkono, inakaribia, inakaribia, halafu inageuka. Akasema kinanda hakiteremki hivyo, kinaruka ngazi. Akatunga cha kwake, kifupi, chenye furaha. Maji yakafika! Mimi nimeimba beti tatu kwamba zamu yetu haijafika, na kile kinanda kikajibu, imefika, imefika, tii-tii-tii. Binamu alipiga gitaa bila kuniangalia. Saa tano tulikuwa tumemaliza.

Wimbo ukaenda redioni. Ukapendwa, nisiseme uongo. Ulipigwa mchana wakati watu wanachambua maharage, ulipigwa stendi, hata Himo mtu aliniambia ameusikia kwenye duka la vitambaa. Kila mtu alinipongeza, na kila aliponipongeza aliimba ile tii-tii-tii. Hakuna aliyeimba maneno.

Kisha tukawa na ubatizo kwa jirani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, wazee wamekaa na vibuyu vyao, redio imewekwa dirishani. Wimbo ukaanza. Wakanishangilia, mama akajifunika uso kwa aibu ya furaha. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Wimbo ulipokwisha akaniita kwa kidole.

"Binti. Hiyo si ile fidla yetu."

"Siyo, Baba."

"Hata si fidla."

"Ni kinanda, Baba."

"Nimejua. Kinakanyaga ngazi, hakitelezi." Akanywa kidogo, akafuta mdomo. "Kwa nini hukwenda na yetu?"

Nikamwangalia mama, yuko mbali. "Baba, mimi nilidhani... kuitoa nje..."

"Mimi naongelea redio," akanikatiza upesi. "Lile lingine siliongelei, lilikwisha. Naongelea redio. Ungekuja ukaniambia unaipeleka redioni, ningekupa na sanduku jipya. Nilishalichongesha kwa fundi, maana lile la zamani lilipotea, sijui lilipotea wapi." Akaniangalia. "Chombo cha mbao hakifungwi kwenye kanga siku ya mvua. Gundi inaachia. Mtu akiniambia watu walisimama kwa ajili ya fidla yetu, mimi nafurahi. Mtu akiniletea fidla inanuka bia na maji, mimi nakasirika. Lakini haya ni maneno ya jumla tu."

"Sasa Baba," nikasema, na sauti ilikuwa inanitoka kama ya mtoto, "mbona siku ile hukuniambia hivyo?"

"Ningekuambiaje?" akasema, naye akaonekana ameudhika kweli. "Ulishaniletea sale."

Tukabaki tunatazamana, mimi na yule mzee, wote wawili tumefungwa na fundo moja alilolifunga mama. Nilitaka kucheka. Nilitaka kukipiga teke kile kibuyu. Nikasema ahsante Baba, nikaenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira mpaka kwikwi ikanishika.

Jumatatu niliteremka mjini, fidla iko kwenye sanduku jipya, na barua ya ruhusa yenye mhuri wa parokia imo ndani. Kijana wa miwani alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipiga ule wimbo mzima, mshuko wote, mpaka pale unapogeukia pembeni. Alivua miwani.

"Hii ndiyo niliyoisikia siku ile," akasema. "Ulikuwa wapi nayo?"

"Turudie, kaka. Turudie tu hapo mwisho."

"Dada, kaseti zimeshatoka. Watu wanaujua wimbo hivyo ulivyo. Nikiweka hii watasema nimeuharibu." Akanihurumia tena. "Tunga mwingine. Nafasi ikipatikana nitakuita."

Nimetunga mingine sita. Hajaniita.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mwenyekiti alinikuta nje ya kanisa. "Wamekuita?"

"Bado, Baba."

"Basi upige hapa. Tuusikie wenyewe." Akaongeza, "Vidole."

Nikamwonyesha. Watu walikuwa bado wanasalimiana, wanakwaya wakatuzunguka. Nikaweka fidla begani, nikaimba ubeti wa kwanza, wakaitikia vizuri. Maneno yalipokwisha nikaanza kushuka, pole pole, kama nilivyoutunga, kama maji yanavyokuja. Na wao, kwa furaha zao, kwa upendo wote, wakapiga makofi na kuimba kwa pamoja, tii, tii-tii, tii.

Niliendelea. Fidla ilikuwa inakwenda huku, wao wanakwenda kule. Mmoja wa sauti ya kwanza akanigusa bega, akanong'ona kwa upole, "Dada, hapo umekosea. Siyo hivyo inavyokwenda."

Nikamwangalia mwenyekiti. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, amefumba macho, na kwa mkono alikuwa anawapungia wanakwaya wote wanyamaze. Hakuna aliyemwona.